Mashine Mbili, Kona Moja ya Mto

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, mambo yalikuwa hivi. Mume wangu alifariki akaniachia vitu vitatu: mashine chakavu ya kufyonza mchanga wa mtoni, kibali cha kuosha dhahabu kwenye kona ya mto, na dada yake.

Mashine ilikuwa mbovu. Kibali kilikuwa na mgogoro. Dada yake alikuwa mzima wa afya.

Shule niliyofundisha fizikia ilikuwa imeshafungwa, kwa hiyo kona ile ndiyo iliyobaki kunilisha mimi na mama mkwe, ambaye naishi kwake. Wifi akaenda kwenye chama cha wachimbaji akadai kwamba kona ni mali ya kaka yake, si ya mke wa kaka yake. Mama mkwe alipoulizwa yuko upande gani alijibu, "Mmoja nimemzaa, mmoja nimeletewa. Msinifanye mizani." Chama kikakata shauri: mashine zetu zishindane, mwenye mashine bora achukue kona.

Wiki jana tuliachana nikiwa nimelala chini ya mashine, spana mkononi, na mwenyekiti anapuliza filimbi kuita watu mtoni.

Nilipojitoa huko chini, kitu cha kwanza kukiona kilikuwa viatu vya wifi.

"Wifi, hicho ni chombo cha dhahabu au tundu la kuku?"

"Ni tundu, wifi. Kinachoingia hakitoki. Chako je?"

"Changu cha kisasa."

"Kisasa cha lini? Hiyo rangi umeipaka juzi, imeshanasa nzi."

Watu wakacheka. Wifi akamtafuta yule nzi, akamwona, akambandua kwa ukucha.

"Cheka sasa hivi," akasema. "Jioni utakuwa unafunga mizigo."

"Mizigo nimeshawahi kufunga. Siogopi kamba."

Niwaeleze mashine hizi, maana tangu siku ile kila kijiwe kimepata wataalamu wake na wengi wanasimulia ovyo.

Zote mbili zinafanya kazi moja. Pampu inasukuma maji, maji yanavuta mchanga na kokoto kupitia bomba nene, vyote vinamwagika juu ya mwalo, yaani lile sanduku refu lililo wazi, lenye mbavu za chuma na zulia chini yake. Dhahabu ni nzito, inatulia nyuma ya mbavu. Mchanga ni mwepesi, unapita na kudondokea mwishoni. Huo uliopita tunauita marudio. Yaliyobaki ni majivuno.

Yangu ni ya muundo wa zamani zaidi. Maji ya pampu yanaingia mdomoni mwa bomba, kule chini kabisa. Ukiunyanyua mdomo huo juu ya maji kidogo tu, unameza hewa na mvuto unakatika. Mchanga ukifika juu unagonga kasha la chuma ili upoteze kasi, kisha unashuka kwenye mwalo mmoja, mwembamba na mrefu. Punje kubwa haziponyoki hapo. Vumbi la dhahabu huponyoka, kwa sababu kasha linayavuruga maji mno.

Ya wifi iliundwa baadaye. Haina kasha. Bomba lake linapanuka mwishoni kama tarumbeta na maji yanatua kwa adabu. Mwalo wake ni mpana, una chekecheo juu na njia tatu chini, na vumbi linaangukia kwenye njia za pembeni ambako maji yana utulivu.

Kwa hesabu, mashine yake ni bora kuliko yangu. Nilijua. Nilijua pia kwamba dhahabu ya kona yetu karibu yote ni vumbi.

Kwa hiyo sikuomba dua, nilishika spana. Niling'oa mbavu moja kati ya kila mbili, kwa kuwa zilikaa karibu mno na mchanga mweusi ulikuwa unazijaza kabla dhahabu haijafika. Niliushusha mwalo ulale zaidi. Nikatandika juu yake wavu wa friji bovu, kokoto zipite juu, vumbi lidondoke chini yake kwenye zulia. Hapo nilikuwa nimekopa nusu ya akili ya mashine ya wifi bila kumwomba ruhusa.

Nusu nyingine niliyaachia mazoea ya watu wetu. Wachimbaji wa mto huu wana ugonjwa mmoja: wanaamini mlio. Mashine isiyonguruma hawaihesabu kuwa inafanya kazi. Wanafungulia mafuta mpaka mwisho, maji yanatimka mbio, na vumbi walilolifuata linaruka mbavu zote na kurudi mtoni huku wao wanashangilia.

Nilimtegemea wifi asiwaangushe watazamaji wake.

Mwenyekiti aliligawa rundo la mchanga wa kona mara mbili kwa koleo, kila nusu ikamwagwa kwenye dimbwi lake ukingoni mwa mto. Kisha akasoma sheria, ingawa kila mtu aliijua. Ni sheria ya watu werevu wasioaminiana. Dhahabu uliyoikamata haihesabiwi, maana mtu anaweza kuja nayo mfukoni. Inahesabiwa uliyoipoteza. Kila mmoja anayaosha marudio ya mwenzake kwa karai, mbele ya watu wote. Aliyepoteza zaidi ameshindwa.

"Na atakayetia dhahabu kwenye marudio ya mwenzake ili amharibie," mwenyekiti akamalizia, "anatoka chamani, yeye na mashine yake, na hagusi mto huu tena. Washeni!"

Ya wifi ilinguruma mpaka ndege wakahama. Watu wakapiga mbinja. Moshi, maji, kokoto zinaruka kama bisi.

Yangu ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena. Kisha ikaanza kuvuma polepole.

"Mwalimu, mashine yako inasali?"

"Iongezee mafuta, mama! Inasinzia!"

"Wifi!" wifi akanipigia kelele kupitia ule mngurumo. "Ukichoka sema, nikuletee godoro!"

Nilikuwa nimepiga magoti dimbwini, mkono mmoja umeukandamiza mdomo wa bomba usimeze hewa, jicho langu liko kwenye mwalo. Maji yalipita juu ya mbavu yakijikunja mara moja tu nyuma ya kila ubavu. Hivyo ndivyo yanavyotakiwa kupita. Yakijikunja mara tatu, umeshaanza kuwalisha samaki dhahabu.

Debe tupu ndilo livumalo. Wahenga hawakuwa na pampu, lakini waliielewa.

Wifi alimaliza zamani. Mimi nilimaliza wakati watu wameshaanza kupiga miayo.

Nikaanza mimi kuyaosha marudio yake. Karai la kwanza, nilipotikisa mchanga wa mwisho ukatoka, ulibaki mstari wa njano ukingoni, mwembamba kama kope. Mwenyekiti akainama mpaka pua ikakaribia kulowa.

"Hii ni dhahabu," akasema.

"Ndiyo. Ni kelele zilizopita juu ya mbavu."

Karai la pili, vilevile. La tatu, vilevile. Wale waliokuwa wakipiga mbinja wakaanza kutafuta mahali pa kutazama. Nilikausha vumbi lote, likawekwa kwenye kikaratasi juu ya meza ya mwenyekiti.

Ikawa zamu ya wifi. Alipandisha mikono ya gauni mpaka kwenye bega, akavua pete zake zote. Sijawahi kumwamini, kwa hiyo nilisimama ubavuni pake nikaitazama mikono yake kama msimamizi wa mtihani anavyomtazama mwanafunzi mwenye soksi nene.

Karai la kwanza, hakuna kitu. La pili, hakuna. Anaosha vizuri, hilo sina ubishi nalo, hakuharakisha, hakumwaga. Makarai yakaendelea, na kila lililokuwa tupu lilimpunguza kimo kidogo. Nilishaanza kupanga moyoni mahali nitakapoifunga mashine msimu wa mvua.

Karai la mwisho, mkono wake ukasimama.

"Mwenyekiti," akaita. Sauti yake haikuwa na kejeli.

Katikati ya karai palikuwa na jiwe jeupe, ukubwa wa haragwe. Ndani ya jiwe, kama mshipa ndani ya jicho, palikuwa na dhahabu. Si vumbi. Mtu wa nyuma kabisa aliiona.

Halafu mtu mmoja akapiga yowe: "Ametia!"

"Ametia huyo! Hilo halipiti kwenye mbavu!"

"Mtoeni! Sheria ni sheria!"

"Na pete alivua, kumbe ndiyo ujanja wenyewe!"

Wifi aligeuka huku na huku. Waliokuwa wakipiga kelele ni wale wale waliomshangilia.

"Haki ya Mungu sijatia," akasema. Hakuwaambia wao, aliniambia mimi. "Wifi, ulikuwa hapa. Sijatia."

Mwenyekiti akanyanyua mkono. "Mwalimu, wewe ndiye uliyesomea vitu hivi. Mashine yako inaweza kuachia punje ya dhahabu ya ukubwa huo?"

"Punje ya dhahabu, haiwezi."

Minong'ono ya kuridhika ikapita. Ningenyamaza hapo, kona ingekuwa yangu na wifi asingekanyaga mto huu maisha yake yote. Nakiri kwamba nililiona hilo lote, na nililitazama kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Kisha nikaomba mizani.

"Ya nini?" mwenyekiti akauliza.

"Umeuliza swali. Sijamaliza kujibu."

Nililifunga jiwe kwa uzi, nikalining'iniza kwenye mizani likiwa kavu. Nikalipima tena limezama kwenye kikombe cha maji. Uzito wa kwanza ukiugawa kwa tofauti ya vipimo hivyo viwili, unajua kitu ni kizito mara ngapi kuliko maji. Dhahabu tupu inakaribia mara ishirini. Jiwe hili halikufika mara tatu na nusu.

"Hii si punje," nikawaambia. "Ni jiwe lenye dhahabu kidogo ndani yake. Mwalo haupimi kwa macho kama nyinyi, unapima kwa uzito. Kwake hili ni kokoto, na kokoto zinapita. Hakuna mashine mtoni hapa ambayo ingelizuia, iwe yangu, iwe ya wifi, iwe ya nani."

"Kwa hiyo alitia au hakutia?"

"Hakutia. Nilimtazama tangu karai la kwanza, na kama mnavyojua, simpendi."

Kuna mtu alicheka. Hakuwa wifi. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake.

"Mwalimu," mwenyekiti akasema taratibu, "unajua unachokifanya? Kama hakutia, basi dhahabu iliyomo humo umeipoteza wewe. Ni nyingi kuliko vumbi lake."

"Naweza kujumlisha."

"Kona inakwenda kwake."

"Iende. Lakini muiseme vizuri huko mnakokwenda. Mashine yangu imekamata vumbi ambalo yake imelimwaga, na yangu ndiyo kongwe. Nimeshindwa na jiwe, sijashindwa na mlio. Kona ya kupewa na uongo siitaki. Uongo ukikupa kona, kesho unakuja kudai chumba."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Wanaosema nililia hawakuwepo.

Ningeondoka wakati huo, msiba wangu ungeishia mtoni. Lakini mimi nikishaanza kueleza siachi katikati. Ni ugonjwa wa ualimu. Nililigeuza lile jiwe nikamwonyesha mwenyekiti.

"Tazama kingo zake. Jiwe lililosafiri mtoni huwa limelainika. Hili lina meno. Halijatoka mbali. Na huu udongo uliobaki ndani ya ufa ni mwekundu. Mchanga wa kona ni wa kijivu."

Mwenyekiti alipitisha kidole kwenye ule ufa. Kisha akageuka kumtafuta mchimbaji aliyeliandaa rundo, mtu wa makamo tunayemwita Sururu.

"Sururu. Mchanga huu ulichotwa wapi?"

"Konani, Mwenyekiti."

"Wote?"

Sururu akajikuna shingo. "Rundo lilikuwa dogo. Nikaona aibu. Nikaliongezea matoroli machache."

"Kutoka wapi?"

"Kwa mama yao hawa." Akatuelekezea kidevu, mimi na wifi. "Namchimbia shimo la choo kipya nyuma ya jiko. Udongo ulikuwa umekaa bure tu."

Kicheko kilianza, kikafia njiani. Kila mtu alikuwa amefika mahali pamoja kichwani mwake.

Mchanga wa mtoni ni wa mwenye kibali. Mwamba wenye dhahabu ni wa chama. Hiyo nayo ni sheria. Ukionekana, chama kinapiga kigingi, na aliye juu yake anahamishwa, awe na shamba, awe na nyumba.

Nyumba ya mama mkwe iko pale juu ya kona. Ina vyumba viwili na kibaraza cha saruji, na katika saruji hiyo ipo alama ya kiatu cha mume wangu, ambaye hakuwahi kusubiri kitu kikauke.

"Twendeni," mwenyekiti akasema. Akachukua nyundo na kigingi. "Mwalimu, wewe mbele. Unaijua kanuni: kauli ya mwamba inatolewa mara mbili na aliyelitambua jiwe. Mara ya kwanza penye mchanga, mara ya pili penye shimo. Ya pili ndiyo inayofunga."

"Na nisiposema mara ya pili?"

"Basi hakuna mwamba. Chama hakiingii uani mwa mtu kwa tetesi. Lakini hapo itabidi tuseme jiwe lilitiwa. Haliwezi kuwa limetoka mbinguni."

Tukapanda njia. Watu wakatufuata kama wanaokwenda kuzika. Wifi akanifikia, akatembea sambamba nami. Alikuwa amesahau kuzivaa pete zake.

"Sema nilitia," akasema chini kwa chini.

"Hukutia."

"Najua sikutia, wewe mwanamke! Nakwambia sema."

"Watakufukuza chamani. Mashine wataichukua."

"Waichukue. Chama si mama yangu. Utapata na kona yako, si ndiyo uliyokuwa unaililia?"

"Sikulia."

"Mungu wangu, hata sasa unabishana!" Akanishika kiwiko. "Wifi. Kichwa chako chote hicho kimekosa uongo mmoja?"

Nilikitoa kiwiko changu, nikaendelea kupanda.

Mama mkwe alikuwa amesimama kibarazani. Mashine zikishazimwa, sauti za mtoni hupanda mpaka kwake. Alikuwa amesikia kila neno. Alitazama nyundo, akatazama kigingi, akateremka ngazi bila kushika kitu, akanijia mimi. Alimpita binti yake kama anavyopitwa mtu mlangoni.

"Tangu uletwe humu ndani," akaniambia, "nimewahi kukuomba uongo?"

"Hapana, mama."

"Hata siku ile mwanangu alipoanza kuumwa ukaniambia hatapona, nilikuomba unidanganye?"

"Hapana."

"Leo nakuomba."

Watu walikuwa wameshalizunguka shimo. Lilikuwa limefika kiunoni tu, na kwenye ukuta wake upande wa jiko mkanda mweupe ulionekana, umekatiza udongo mwekundu kama mshono. Kwa asiyejua lilikuwa jiwe tu. Hapakuwa na mwingine aliyejua. Walinisubiri mimi niwaambie wanaona nini.

Mwenyekiti alikisimamisha kigingi ukingoni.

"Mwalimu, tamka tusikie wote. Jiwe lile lilitiwa, au limetoka hapa?"

Upande wangu mmoja wifi alikuwa amefumba macho. Upande wa pili mama mkwe alikuwa ameyafumbua.

Nikanyoosha mkono.

"Nipe kwanza hiyo nyundo."

Akanipa. Nilichokipiga nayo, subirini gazeti la wiki ijayo.